Kwa Zuhura, kuhusu neno lililokukwamisha

Mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeipata, pamoja na karatasi ya imla uliyoiandika kwa hatimkato, ule mwandiko wetu wa alama za kuandikia kwa kasi. Ile alama uliyoizungushia duara nimeitazama kwa muda mrefu. Pole kwa jioni nzima uliyoipoteza juu yake. Naijua hali hiyo, ndiyo maana nakujibu leoleo.

Umeisoma "kupata", sentensi ikakataa. Umekagua mahali pa alama, inakata mstari, kama inavyotakiwa. Lakini hapo ndipo hatimkato ya Pitman, mfumo tunaoutumia, inapotutega sisi tunaoandika Kiswahili. Kwa haraka tunaandika konsonanti tu, irabu tunaziacha. Mahali pa alama panafuata irabu ya kwanza ya neno: "pata" inakaa juu ya mstari, "pete" inaugusa, "pita" inaukata. Ukitanguliza "ku-", irabu ya kwanza inakuwa ile "u", basi kupata, kupita na kuputa yote yanakata mstari, yanafanana kama mapacha. Kiambishi kimemeza dalili ya mzizi. Kwa hiyo kwenye vitenzi usitegemee mahali peke yake. Tia nukta au kistari cha irabu ya mzizi, kimoja tu, hata kama mwalimu anahimiza kasi.

Sasa soma mbele: "Wanachama wanatakiwa … kwa katibu kuchukua fomu." Ni "kupita", sivyo? Uligota kwenye neno ukaacha "kuchukua fomu" palepale pembeni. Likigoma neno, acha pengo, malizia ukurasa, kisha rudi. Na usome kwa sauti, maana alama zile ni za sauti, na mara nyingi sikio hutambua kabla ya jicho.

Mimi niliwahi kuandika kwamba wafanyakazi wapya wapate "kupima" kabla ya kuanza kazi. Alama ilisema "pima" tu; hiyo "ku-" niliiongeza mwenyewe, nikidhani niliiruka wakati wa imla. Mistari mitatu chini kulikuwa na malipo yake ya kila mwezi. Ilikuwa "bima"! P na b ni mstari uleule, mmoja mwembamba, mwingine mnene, nami nilitumia kalamu ya wino isiyoonyesha unene. Tangu siku hiyo natumia penseli laini, na neno nisilolielewa siliongezei kitu kutoka kichwani ili likubali. Nawe acha kalamu hiyo, Zuhura, nakuomba.

Ukibaki na mashaka, andika maneno yote unayoyashuku katika hatimkato, kwa mkono wako, kwa haraka ileile ya imla, halafu yalinganishe na alama. Mkono una mazoea yake. Wangu, kwa mfano, hufupisha l hadi nishindwe kuiona. Fanya hivyo siku ileile, sauti ya msomaji ikiwa bado masikioni.

Na kitabu cha kanuni kiwe wazi mezani. Shajara ya Mwingereza Samuel Pepys, aliyoiandika kwa mfumo mwingine wa hatimkato kati ya 1660 na 1669, ilimchukua John Smith, mwanafunzi wa Cambridge, takriban miaka mitatu kuisoma, kuanzia 1819, ilhali kitabu cha mfumo huo kilikuwamo katika maktaba ileile ya Pepys. Namhurumia kila nikikumbuka.

Nitumie imla inayofuata, na zile alama zinazokusumbua usizifute.

Rafiki yako,
Mwanaidi