Mrithi asiyejua kwamba ni mrithi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililonikuta mwenyewe, si la kusimuliwa.

Jina langu liliwahi kuandikwa kwenye karatasi zilizopelekwa serikalini kwamba mimi ni mrithi. Si wa shamba wala nyumba. Nilikuwa mrithi wa kazi ya mtaalamu kutoka nje, na nilikuja kulijua hilo mwaka wa pili, kwa bahati.

Mimi ni fundi mitambo. Nilianza 2009 kwenye kiwanda kimoja cha plastiki kando ya Barabara ya Kilwa, nikiwa kibarua wa kusaga makombo, nikapanda taratibu hadi fundi wa zamu. Mwaka 2017 ikaletwa mashine mpya ya kupuliza chupa, na mashine ikaja na mtu wake. Sisi tulimwita Mista. Yeye ndiye aliyeifunga, yeye ndiye aliyeijua, na ikikohoa tu anaitwa yeye.

Kwa wasioifahamu sheria: tangu 2015 tuna Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka huo. Kibali cha kazi kinatolewa na Kamishna wa Kazi, cha ukaazi kinatolewa na Uhamiaji. (Hayo ni ya Bara. Zanzibar wana sheria yao, maana kazi si jambo la Muungano.) Kamishna anatakiwa ajiridhishe kwanza kwamba mwajiri ametafuta Mtanzania wa kazi hiyo akakosa. Kisha, na hapa ndipo penye uhondo, kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri aandae mpango wa kurithisha ujuzi, yaani aonyeshe ni vipi alichonacho mgeni kichwani kitahamia kwa mzawa kabla mgeni hajaondoka, na aweke mafunzo hapo hapo kazini. Kibali chenyewe ni cha miezi 24, kinahuishwa. Zamani jumla yake haikuruhusiwa kupita miaka mitano. Marekebisho ya 2021 yakaifanya miaka minane. Miaka minane, Mhariri, mtoto anaanza darasa la kwanza mpaka anavaa sare ya kidato cha kwanza.

Sheria nzuri. Niliyemsikia akiisema vibaya hajaisoma.

Sasa siku hiyo ya 2019 nilikuwa chini ya mashine, nimelala chali juu ya boksi, mikono imejaa grisi hadi viwiko, nikasikia naitwa ofisini. Binti wa utumishi akanisimamisha mlangoni akanipa ovaroli mpya ya bluu, bado ina mikunjo ya kwenye mfuko. Akaniambia, "Kaka, wakikuuliza, wewe unafundishwa. Sawa?" Nikamuuliza nafundishwa nini. Akasema, "We sema tu ndiyo, kaka yangu, usiniharibie."

Ndani nilimkuta afisa kazi, meneja, na soda mbili ambazo hazijafunguliwa. Faili liko wazi mezani. Nikaona majina yangu yote matatu yamechapwa vizuri, na chini yake jedwali: miezi sita ya kwanza, kusoma mchoro wa umeme wa mtambo; miezi sita ya pili, kubadili kalibu (umbo la chuma linaloipa chupa sura yake) na kupanga joto; mwaka wa pili, programu ya kompyuta ya mashine. Chini kabisa kuna sahihi ya mfunzwa. Sahihi ile haikuwa yangu. Mimi nikisaini huvuta mkia wa herufi ya mwisho, kila anayenilipa anajua.

Afisa akauliza mafunzo yanaendeleaje. Meneja ananitazama. Nina watoto watatu, mmoja alikuwa kidato cha pili wakati ule. Nikajibu yanaendelea vizuri. Tukamaliza. Dakika tano hazikufika. Nilipotoka, ovaroli nikairudisha.

Wapo watakaosema nilikuwa mwoga. Ni kweli. Lakini nimefikiri sana tangu siku ile, na naona tatizo si woga wangu tu, wala si ubaya wa afisa yule, ambaye huenda alikuwa na viwanda vingine vinne vya kupitia kabla ya jua kuzama. Tatizo ni kwamba mtu pekee anayejua kama ujuzi umerithishwa ndiye anayeulizwa mwisho, mbele ya bosi wake, kwa swali ambalo lina jibu moja tu.

Na yule Mista hakuwa mtu mbaya. Alikula ugali na dagaa nasi kwa mama lishe wa getini, tukipata msiba anachanga. Kubadili kalibu alinifundisha kweli, na kwa moyo. Lakini ikifika zamu ya kompyuta ya mashine alikuwa anageuza mgongo kuficha kioo, kama mtu anayetoa pesa benki. Jioni moja mvua ilitukamata kibandani kwa mlinzi, nikamchokoza kwamba hiyo nywila, neno la siri la kuingilia kompyuta ya mashine, ataipeleka kaburini. Akacheka. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi fundisha wewe yote, mimi rudi nyumbani. Watoto kula nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Tunamwambia mtu mshahara wako ni huu, na kazi yako ni kuhakikisha huhitajiki tena. Nani ataifanya kazi hiyo bila kusimamiwa? Mwajiri naye ana hesabu zake. Akishanifundisha mimi, kesho nitadai nyongeza au nitahamia kiwanda cha jirani, wakati mgeni amefungwa na kibali, hawezi kwenda popote. Pande zote mbili zina sababu ya kuliacha lile jedwali libaki jedwali.

Mwaka 2021 Mista alirudi kwao kwa muda, mambo ya familia. Wiki hiyo hiyo mashine ikagoma saa nane usiku, chupa zinatoka zimesinyaa kama embe la wiki mbili. Joto la sehemu moja lilikuwa limepotea, na kulirudisha ni lazima uingie kwenye programu. Meneja akaja na kandambili, akampigia Mista kwa WhatsApp, akapewa nywila. Kisha akatuambia tugeuke tuangalie ukutani. Watu wazima wanne, mafundi wa zamu, tumesimama tunatazama rangi ya ukuta ili bosi aandike herufi nane. Mmoja wetu akaanza kucheka, wote tukacheka, na meneja mwenyewe akacheka. Lakini hakuturuhusu kumgeukia tena mpaka alipomaliza.

Mista aliporudi, cheo kilikuwa kimebadilika jina. Ameondoka fundi mkuu, amerudi mshauri wa uzalishaji. Kiti kilekile, mashine ileile, faili jipya la kibali. Safari hii mrithi aliandikwa kijana mmoja aliyetoka chuo, kijana mwenye akili sana, ila wakati karatasi zinapelekwa alikuwa ameshaacha kazi miezi minne nyuma.

Nimeamua kuandika sasa kwa sababu ya mazungumzo ninayoyasikia tangu Serikali itoe ile amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, kuanzia uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni, hadi kununua mazao shambani. Kijiweni kwetu Rangi Tatu, ambapo kahawa ni ya moto na maoni ni ya moto zaidi, ilipokelewa kwa shangwe, na tangu hapo kila mtu anasema sasa bado viwandani, nako wafukuzwe. Watu wanachanganya. Amri ile ni ya leseni za biashara. Ajira ya kiwandani iko chini ya sheria ya 2015, na huko hakuna upungufu wa katazo. Upungufu ni wa kufuatilia kilichokwisha kuandikwa.

Mimi sitaki wafukuzwe. Mista angefukuzwa 2018, tungebaki na mashine ya mamilioni isiyowaka na vibarua zaidi ya mia nyumbani. Halafu tukumbuke na wetu wako kwa watu. Mpwa wangu ni mpishi hotelini Muscat. Oman nao wana sera ya kuwapa kazi raia wao tangu 1988, na kila baada ya muda kazi ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya zinaongezeka. Juzi kanipigia: "Mjomba, hapa nimepewa kijana wa Kiomani nimfundishe jikoni. Nimfundishe au nisimfundishe?" Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika. Nilimwambia amfundishe. Lakini nilimwambia pia aandike kila siku alichofundisha, wote wawili waweke sahihi, maana kule wanakuja kuangalia.

Hilo la sahihi ndilo ninaloliomba na hapa kwetu. Mrithi apewe nakala ya mpango unaobeba jina lake, aisaini mwenyewe, na iwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 tumeamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria, lakini jedwali langu lilikuwa Kiingereza kitupu na nusu yake ilibidi nikisie. Afisa akija, aongee na mrithi peke yake, hata kwa simu baada ya zamu, bila soda na bila ovaroli. Sasa hivi maombi ya vibali yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo kumtumia mrithi ujumbe wa simu kwamba ametajwa hakuhitaji jengo jipya wala semina Dodoma. Jina langu lingeniingilia kwenye simu 2017, ningeuliza maswali 2017.

La pili ni mtihani. Kibali kikija kuhuishwa, mrithi apelekwe mbele ya mashine, si mbele ya meza, aonyeshe anachokijua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari wanapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani na kazini bila kupita darasani, wapimaji wapo. Mwajiri ambaye mrithi wake hajui kitu baada ya miezi 24 aeleze kwa nini, kabla ya kuongezewa mingine. Na mgeni ambaye mrithi wake amefaulu apewe kitu: bakshishi iliyoandikwa kwenye mkataba, au mkataba wa kufunga mtambo mwingine. Hapo ndipo mtu atakapogeuza kioo upande wetu.

Najua migodini kuna kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania, na mwajiri anapeleka mpango wake Tume ya Madini, na watu wa Geita na Kahama watanisahihisha kama huko nako ni ovaroli mpya tu. Mimi naongelea viwanda, ambako wengi wetu hatujui hata kama kuna kifungu cha 7.

Mwisho nina swali moja, na naomba mwenye jibu alitoe kupitia ukurasa huu huu. Mipango ya kurithisha ujuzi iliyopelekwa serikalini tangu 2015 imebeba majina ya Watanzania kama mimi. Majina hayo yako kwenye mafaili na sasa yako kwenye kompyuta. Ni wangapi kati yao waliokwisha kukaa kwenye kiti walichoandikiwa? Sihitaji majina, idadi inatosha.

Mimi bado ni fundi wa zamu. Nywila bado siijui.

Fundi wa Zamu ya Usiku,
Mbagala, Dar es Salaam