Kwenu mnaolala na jiko chumbani

Wanangu mliopanga vyumba,

Salamu nyingi. Nawaandikia kuhusu hilo jiko la mkaa mnaloliingiza ndani baridi ikizidi. Najua mnavyojitetea: "Tumeliacha nje likashika vizuri, moshi umekwisha, halina neno." Lina neno, tena kubwa. Moshi ungewachoma macho mkakimbia. Lakini kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina rangi, haina harufu, haikereketi koo, na mkaa uliokolea ukawa mwekundu unaitoa kwa wingi.

Ikishafika mapafuni hung'ang'ania damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Moyo unapiga, damu inazunguka, ila ubongo haupati hewa. Aliyelala haamki akikohoa; usingizi unazidi kuwa mzito tu. Mjamzito na aogope zaidi, maana mtoto tumboni huumia hata kabla mama hajajihisi vibaya.

Kuna wanaoweka beseni la maji kando ya jiko, eti linyonye sumu. Sijui nani alianzisha hayo! Gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Dirisha lililoachwa wazi kidogo nalo msilitegemee. Jiko libaki nje, hata kama yamebaki majivu juu na vijikaa vinavyowaka chini. Jenereta nayo hutoa gesi hiihii, isikae kibarazani wala chini ya dirisha. Isogezeni mita 6 au zaidi. Mwenye uwezo anunue kengele ya kutambua gesi hii, aifunge karibu na anapolala, na betri aikague.

Sasa dalili, maana wengi huzichanganya na mafua au uchovu: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Jiulizeni: mbona mwili hauna joto? Mbona tumeugua wote kwa pamoja? Mbona nikitoka nje napata nafuu? Mkifika hapo, tokeni nyote, msirudi kuchukua simu wala viatu, kisha nendeni hospitali.

Huko mwambieni daktari waziwazi kwamba mlilala na jiko. Msione aibu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa kumbe damu imejaa sumu, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hii. Asipoambiwa, anaweza kuwapa dawa ya kichwa na kuwarudisha chumba kilekile.

Ni mimi, mzee wenu.