TAARIFA YA MWENYEKITI KWA WANACHAMA, MWAKA 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kujenga amplifaya za gitaa za valvu hapa Dodoma, habari za Jumapili.

Hii taarifa nilitakiwa kuisoma kwenye mkutano mkuu pale Area C lakini akidi haikutimia, tulikaa watu tisa tangu saa nane mchana mpaka saa kumi, na wawili kati ya hao walikuwa wamefuata spika zao tu, kwahiyo nimeamua kuiandika na kuituma hapa ili asije akatokea mtu akasema hajaambiwa. Katiba inataka nusu ya wanachama, daftari lina watu 31, hesabu fanyeni wenyewe.

Shughuli za kawaida nazipitia chapchap maana mlikuwepo, au mngekuwepo kama mngekuja. Tumejenga amplifaya tatu ndogo kwa mchoro wa 5E3, ile Fender Deluxe ya miaka ya 1950 yenye valvu (zile taa za kioo za kukuzia sauti) mbili za 6V6, mbili zimeuzwa na moja inapiga kazi kwenye kwaya. Tumetengeneza amplifaya za makanisa kadhaa na za bendi moja ya dansi. Tumeenda kwenye msiba wa baba mzazi wa katibu. Darasa la usalama lilifanyika pia na narudia hapa kwa faida ya waliokosa: kapasita za kuchujia umeme zinabaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani, ndani ya hizi mashine tunaongelea volti 400 na ushee, zimalize kwa rezista kwanza, pima kwa testa, ndio uingize mkono, na mkono mwingine weka mfukoni. Na amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika, mtaunguza transfoma ya kutolea sauti. Nimeshachoka kulisema hili.

Sasa nije kwenye lile lililotuletea maneno mwaka mzima.

Kamati ya utendaji, yaani mimi, dada mhazini, na katibu kwa njia ya simu, tuliamua amplifaya ya chama kwa mwaka huu iwe ya mtindo wa Trainwreck Express na sio ya mtindo wa Dumble, zote mbili za mafundi wa Kimarekani, kama baadhi yenu mlivyotaka. Najua wengi mlikuwa mmeshaota Dumble. Mmeona video, mmesikia wapiga gitaa Robben Ford na Larry Carlton, mmesikia moja inauzwa zaidi ya dola 100,000, basi kila mtu akataka tuijenge hapa Dodoma. Hata mimi naipenda sauti yake, tusigombane kwa hilo. Lakini mwenyekiti hachaguliwi kuota, anachaguliwa kuangalia hela iliyopo na ufundi uliopo.

Tuanze na Dumble yenyewe. Marehemu Howard Dumble, aliyefariki Januari 2022 kule California, alikuwa anamsikiliza mpigaji kwanza halafu anaipanga amplifaya kwa mkono wa mtu huyo, kwahiyo hata mbili zenye jina moja la Overdrive Special hazifanani ndani. Tena sehemu ya sakiti alikuwa anaimwagia gundi ngumu ya epoksi watu wasione alichofanya. Michoro inayozunguka imetoka kwa mafundi waliobandua ile gundi kwenye mashine mojamoja, kwahiyo ukisema tujenge Dumble lazima nikuulize Dumble ya nani? Halafu ile hatua ya ovadraivu, yaani ya kukwaruza sauti, inakaa nyuma ya chaneli safi, ina trima (vitufe vidogo) za ndani za kusetiwa kwa sikio, ina rilei, yaani swichi ya umeme, inayotaka umeme wake wa pembeni. Kwa chama ambacho mwezi Mei tulishindwa kumpata mtu wa kushika tochi, mnataka tufanye hiyo?

Express sasa. Ken Fischer alikuwa fundi wa New Jersey, aliwahi kufanya kazi kiwanda cha amplifaya cha Ampeg, akaja kujenga zake mwenyewe, na kwa sababu ya ugonjwa uliomsumbua miaka mingi hazikufika nyingi, wanaokadiria wanasema mia hivi. Alifariki Desemba 2006. Mashine yake ukiifungua inaonekana nyepesi kweli: valvu tatu za 12AX7, mbili za EL34, chaneli moja, volyumu moja. Hakuna rilei wala mbwembwe. Ugumu wake haupo kwenye idadi ya vifaa, upo kwenye waya unapitia wapi, na hilo ni jambo la uvumilivu, halidai hela. Hela hatuna. Uvumilivu ninao mimi, kama mnavyoona.

Wapo waliosema mwenyekiti kajichagulia anachokijua yeye. Ni kweli nakijua, sasa mlitaka nichague nisichokijua?

Malalamiko ya pili yalikuwa kwamba muziki wetu ni wa kwaya na dansi, solo inatakiwa iwe safi, na Express ni ya kukwaruza. Aliyesema hivyo hakuja siku ya majaribio. Tulipoiwasha pale Chang'ombe tulimpa gitaa yule mzee wetu aliyepiga dansi ujana wake wote, volyumu ya amplifaya ikiwa juu, ikanguruma hadi jirani akachungulia. Mzee hakuigusa amplifaya kabisa, akashusha kile kitufe cha volyumu kwenye gitaa lenyewe, mpaka chini kidogo ya nusu, na sauti ikasafika palepale, nyuzi za juu zikalia kama kengele, akapiga seben ndefu mpaka chai ikapoa. Akipandisha inakwaruza, akishusha inasafika, na mguu hauhitaji kukanyaga kitu. Ndio sifa yenyewe ya ile mashine. Waliokuwepo wanajua. Tulikuwa sita.

Kabla ya hapo ilikuwa inapiga mluzi, nalisema kwa sababu limeshasambazwa kwa namna ya kunichafua. Amplifaya ya aina hii kupiga mluzi mara ya kwanza ni kawaida, sauti ya mwisho inarudi mwanzo kupitia waya zilizokaa karibu karibu. Kinachofanyika unachukua kijiti kikavu cha mti, mashine ikiwa inawaka, unasogeza waya mmoja mmoja taratibu huku unasikiliza. Kijiti nilikishika mimi. Waya wa gridi, yaani wa kuingizia sauti, wa valvu ya pili ulikuwa umelala sambamba na waya unaoenda kwenye transfoma ya kutolea sauti, nikauinua upana wa kidole tu ukakatiza badala ya kwenda nao pamoja, mluzi ukakatika. Kuna aliyekuwa ameshaandika kwenye grupu kwamba hela za chama zimegeuka filimbi, huyo namuomba afute.

La tatu ni transfoma. Kuna kundi linasema transfoma tungesukisha hapahapa mjini kwa theluthi ya bei. Fundi mnayemsema namheshimu, stabilaiza za mji huu nusu amezishika yeye, na sina ugomvi naye. Transfoma ya umeme nisingesita kumpa. Ila ile ya kutolea sauti inataka nyuzi za upande wa kwanza na wa pili zipishane tabaka kwa tabaka, ukizirundika upande mmoja kisha mwingine sauti za juu zinapotea na mluzi unakuja kiurahisi, na hakuna aliyekuwa tayari kurudishiwa hela ikishindikana. Na wale wa "tuagize ya Kimarekani ya volti 120 tuweke boksi la kushushia umeme" naomba waelewe ile imepigiwa hesabu ya hezi 60, sisi tuna 50, kiini kikiwa kimebanwa saizi kitachemka. Tuliagiza yenye tapu, yaani sehemu za kuchagua umeme unaoingia, za volti 220, 230 na 240. Nyumbani kwangu usiku nimepima 248. Ukiwa kwenye tapu ya 230 filamenti (nyuzi za kupasha valvu moto) zinazotaka volti 6.3 zinakula karibu 6.8, zimefika karibu na mwisho wa kinachoruhusiwa, kwenye tapu ya 240 unashuka mpaka 6.5 na valvu zinaishi. Na valvu zenyewe siku hizi viwanda ni vya kuhesabu, Slovakia, Urusi, China, na tangu vita ya Urusi na Ukraine ya 2022 bei haikai.

Ndio maana pia hatukusubiri. Katiba inasema matumizi makubwa yapitishwe na mkutano mkuu, najua, hicho kifungu nilikiandika mimi. Mkutano niliuitisha, hamkuja. Nikauitisha tena, hamkuja. Bei ya valvu haisubiri akidi.

Matumizi yako hivi. Mwaka tuliuanza na shilingi 640,000. Ada zilizoingia ni 990,000, kazi za ufundi na amplifaya tulizouza zimeleta 475,000, jumla 2,105,000. Amplifaya ya chama imekula 1,385,000: transfoma na choki (koili ya kusafishia umeme) pamoja na usafiri na ushuru 860,000, valvu 270,000, mbao za mninga, chasisi, soketi, kapasita, rezista na nauli yangu ya Dar 255,000. Mengineyo 610,000. Salio 110,000. Anayetaka kujua mengineyo ni nini amuone dada mhazini, ni vitu vya kawaida tu, kodi ya chumba, umeme, risasi za kuchomea, chai, vocha. Nauli nilipanda SGR daraja la kawaida, nasema kabla sijaulizwa, na chakula cha Dar nilikula kwa hela yangu.

Ada ni 5,000 kwa mwezi. Watu 31 kwa mwaka mzima ilitakiwa iwe 1,860,000, kwahiyo tunadaiana 870,000. Yaani kama wote mngelipa hata hiyo Dumble tungeanza kuiongelea. Na nimeangalia daftari, wanaoandika maneno marefu kwenye grupu kuhusu transfoma, wengi wao mara ya mwisho kulipa ni kabla ya Pasaka. Sitaji majina, mnajijua. Kuna mmoja analipa kila mwezi hata haji, huyo hana tatizo na mimi.

Kuhusu jina. Fischer hakuwa anaziandika namba, kila amplifaya aliipa jina la mwanamke, nasi tukafuata desturi hiyohiyo tukaiita Zabibu. Nasikia inasemwa nimempa jina la mama mkwe. Jamani, tupo Dodoma, ulitaka iitwe Korosho? Kwamba na mama mkwe wangu anaitwa hivyo ni bahati yake.

Na kuhusu kuiga. Mwanachama mmoja alisema kujenga vitu vya watu ni wizi. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake London walichukua Fender Bassman wakaijenga kwa vifaa walivyovipata kwao, ikawa JTM45, na leo hakuna anayeiita wizi. Dumble mwenyewe alianzia kwenye Fender. Wizi ni kuandika jina la mtu juu ya kazi yako, na hili nalisema kwa sababu kuna mwenzetu amebandika herufi za DUMBLE kwenye 5E3 yetu na kumuuzia mtu wa kwaya kwa bei ya ajabu. Ameambiwa azing'oe na arudishe tofauti. Herufi amezing'oa.

Mwakani Mungu akipenda tunategemea kujenga nyingine, labda ya valvu za EL84, na tukipata mfadhili tutafute chumba kikubwa chenye dari maana vumbi la hapa linaingia mpaka kwenye soketi za valvu. Kuna mazungumzo na watu wa Singida na Iringa, yakikaa sawa mtaambiwa. Hao wa Dumble nao waniletee mchoro mmoja waliokubaliana wote, nitausoma.

Uchaguzi ni mkutano ujao. Nitagombea, kama akidi itatimia.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao saa nane kamili palepale Area C. Viti havitoshi, anayeweza aje na chake. Ada zitumwe kwa namba ya dada mhazini, sio kwangu, na ukituma andika jina lako maana kuna 15,000 imeingia mwezi wa kumi hadi leo hatujui ni ya nani. Mwenye testa ya njano ya chama na ile pasi ya kuchomea risasi ya wati 60 avirudishe kabla ya Ijumaa, tuna amplifaya ya kanisa imelala mezani inasubiri.

Mwenyekiti