Mhariri, kalingi sio mchezo wa kuchekwa

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa dawati zima la michezo. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti hili nilianza kulisoma Tanga nikiwa bado mdogo, marehemu baba alikuwa anarudi nalo jioni limekunjwa kwapani, na sasa nalisoma kwenye simu huku Winnipeg, Kanada, mwaka wa tisa huu. Sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Leo nimeandika kwa sababu kuna kitu kimeniuma.

Kipindi cha Olimpiki za baridi kule Italia mliweka picha ya wachezaji wa kalingi ukurasa wa nyuma, wameinama na fagio zao mbele ya jiwe, chini mkaandika kwamba hawa ni wafagizi wa barafu wanaotafuta medali. Basi. Hakuna matokeo, hakuna nchi gani na nchi gani, hata jina la mchezo hakuna. Ile picha ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, mimi mwenyewe nililetewa na watu sita, wote wanacheka, na mdogo wangu akaniuliza dada hivi ndio huo mchezo wako unaokunyima usingizi? Ndio huo. Na naomba mnipe nafasi niuseme vizuri maana ukiutazama kwenye TV dakika mbili huambulii kitu.

Timu ina watu wanne, kila mtu anaachia mawe mawili, kwahiyo timu mbili zinamaliza mawe 16 na hiyo wanaita endi moja. Jiwe ni la granaiti, linakaribia kilo 20, na mawe ya Olimpiki granaiti yake inatoka Ailsa Craig, kisiwa kidogo baharini karibu na Uskoti ambacho hakikaliwi na mtu, ndege tu. Unalisukuma juu ya barafu njia ya mita kama 45 mpaka kwenye duara upande wa pili, duara lile linaitwa nyumba, na jiwe lililo karibu zaidi na katikati ndio linahesabiwa. Barafu yenyewe sio laini kama kioo, kabla ya mechi wanainyunyizia matone ya maji yanaganda yanakuwa vipele vidogo vidogo, jiwe linateleza juu ya vile vipele. Wanaofagia hawafanyi usafi! Wanasugua barafu ipate joto kidogo ili jiwe liende mbali zaidi na lisipinde sana, na mtu akifagia kwa nguvu zote endi nane au kumi mabega yanawaka moto, niulizeni mimi. Jiwe la mwisho kwenye endi linaitwa nyundo, ni faida kubwa sana kuwa nayo, na ukishafunga pointi nyundo inakwenda kwa mwenzio. Hiyo sheria peke yake naipenda mno.

Lakini sijaandika kwa ajili ya sheria, nimeandika kwa ajili ya adabu za mchezo huu, ndizo zilizonifanya nibaki.

Msimu wangu wa pili tulikuwa tunacheza ligi ya Jumanne usiku na timu moja ya wazee. Endi ya mwisho, pointi sawa, jiwe letu liko nyumbani na wao wamebakiza nyundo. Wakaliachia vizuri, uzito wake sawasawa, kila mtu pale alijua hili linakwenda kulitoa letu na mechi imekwisha. Lilipofika katikati ya njia mzee mmoja aliyekuwa analifagia akasimama ghafla, akalizuia jiwe kwa mguu, akainua mkono akasema nimeligusa. Hakuna aliyeona. Sisi hatukuona, kapteni wake hakuona, na refa hayupo maana kwenye ligi zetu za klabu hakuna refa kabisa, ukiguswa na kosa unalisema mwenyewe. Jiwe lililoguswa na fagio wanasema limeungua, na likiungua kabla ya kuvuka mstari wa upande wa pili linatolewa hapo hapo. Tukashinda sisi. Yule mzee akaja akatupa mkono mmoja mmoja akasema mmecheza vizuri, usoni hana kinyongo hata chembe, mimi nikashindwa kuongea. Nimekulia kwenye viwanja vya mpira wa mtaani, naupenda mpira mpaka leo, ila kitu kama kile nilikuwa sijawahi kukiona kwa macho yangu.

Halafu hatukwenda nyumbani, ndio desturi hiyo. Mechi ikiisha timu zote mbili mnakaa meza moja na walioshinda ndio wanaonunua vinywaji vya kwanza, kisha walioshindwa nao wanarudisha. Asili yake ni Waskoti wa zamani, walikuwa wakimaliza wanaegemeza fagio zao pamoja kisha wanakaa wanaota moto na kunywa. Mimi pombe situmii, naletewa chai au juisi na hakuna aliyewahi kunihoji. Siku ile tulikaa na wale wazee mpaka saa tano usiku, huko nje baridi nyuzi 30 chini ya sifuri.

Na mambo haya sio ya jana. Kule Paisley, Uskoti, kuna kumbukumbu ya mwaka 1541, mtawa mmoja wa abasia aitwaye John Sclater alimwalika bwana Gavin Hamilton washindane kurusha mawe kwenye barafu, na mwandishi wa mikataba akaiandika kabisa kwenye daftari lake kwa Kilatini, yaani changamoto ya mchezo imewekwa kama hati. Mwaka 1838 ikaundwa klabu kubwa kule Edinburgh kuunganisha sheria, na kuanzia 1847 wakawa na mashindano yao makubwa ya nje, kaskazini ya Uskoti dhidi ya kusini, yanachezwa kwenye ziwa lililoganda pale tu barafu inapokuwa nene ya kutosha. Hayana tarehe, mnasubiri baridi iamue. Mara ya mwisho ilikuwa 1979 kwenye ziwa la Menteith. Mwaka 2010 walikaribia kabisa, ikashindikana kwa sababu za usalama. Wapo wachezaji wameingia utu uzima bila kuiona siku hiyo hata mara moja, nawahurumia kwa kweli.

Huku Kanada sasa ndio usiseme. Mashindano ya kalingi yanaitwa bonspili, na hapa Winnipeg mwaka 1988 bonspili ya mkoa ilikusanya timu 1,280. Timu sio watu! Ubingwa wa taifa wa wanaume unaitwa Brier, ulianza 1927 Toronto, jina lilitokana na tumbaku ya kampuni iliyokuwa inadhamini. Timu zinaingia uwanjani zikitanguliwa na wapiga zumari za Kiskoti, na kila mchezaji aliyefika pale kuwakilisha jimbo lake anapewa beji ya moyo wa rangi ya zambarau, aliyechukua kombe na aliyeburuza mkia wote wanapata. Kuna watu wamecheza Brier mara moja tu katika maisha yao na beji ile wameitundika sebuleni, nimeiona kwa macho.

Wanawake wana mashindano yao, Scotties, na hapo ndipo huwa natokwa na machozi kila mwaka. Sandra Schmirler, mchezaji wa jimbo la Saskatchewan, alichukua dhahabu ya Olimpiki 1998 Nagano wakati mwanae ana miezi tu, na Machi 2000 akafariki kwa saratani ana miaka 36. Mazishi yake yalirushwa laivu kwenye televisheni nchi nzima. Wenzake wakaanzisha mfuko kwa jina lake, na kila Scotties zikichezwa wanachangisha pesa za kununua vifaa vya hospitali kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mimi nimejifungua njiti, kwahiyo mtanisamehe nikiishia hapa kwenye hili.

Sisemi wote ni malaika. 2018 kule Red Deer, Alberta, timu moja yenye bingwa wa Olimpiki ndani yake ilifukuzwa mashindanoni kwa ulevi, na wakaomba radhi hadharani. Ila mwaka 2015 zilipotoka fagio za kitambaa kipya zilizoweza kuliendesha jiwe karibu vile unavyotaka, timu zaidi ya 20 kati ya zile bora kabisa zilikaa zikasaini wenyewe kwamba hatutazitumia, kabla hata shirikisho halijawakataza. Niambieni mchezo mwingine ambao wachezaji wamekataa wenyewe kifaa kinachowasaidia kushinda.

Na kila nchi inatia chumvi yake. Mabinti wa Japani waliochukua shaba 2018 walifahamika dunia nzima kwa kukaa chini mapumziko ya endi ya tano wanakula stroberi na keki huku wanapanga mbinu. Wakorea waliochukua fedha mwaka huo huo wengi wao walitoka Uiseong, wilaya ya wakulima wa vitunguu saumu, na wote watano jina lao la ukoo ni Kim.

Mkisema haya yako mbali na sisi, sikubali. Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia shirikisho la dunia la kalingi, na Kenya nayo ni mwanachama. Tena nyie watu wa michezo mnamkumbuka vizuri Philip Boit, Mkenya aliyeshuka Nagano 1998 kwenye mbio za kilomita 10 za kuteleza thelujini akamaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwe aliyeshinda dhahabu akamsubiri kwenye baridi mpaka afike amkumbatie. Boit akampa mwanae jina la Dæhlie. Olimpiki ile ile ndiyo kalingi ilirudi rasmi kutoa medali, tangu Chamonix 1924.

Sasa ombi langu, Mhariri. Ubingwa wa dunia wa kalingi huwa karibu na Machi na Aprili kila mwaka. Naomba mistari minne tu, nani amecheza na nani, pointi ngapi, na muuite mchezo kwa jina lake. Mkihitaji mtu wa kuwaandikia kwa Kiswahili nipo, sitaki hata senti.

Jumanne hii tunacheza na wale wazee tena. Yule aliyeinua mkono siku ile ametimiza miaka 81 mwezi uliopita na bado anafagia, na safari hii nimewaahidi nitakuja na chupa ya chai ya tangawizi na mahamri.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtanga wa Winnipeg