Kaka, hizo koili usinunue kwanza

Mambo kaka,

Voisi yako nimeisikiliza jana usiku mara mbili, ya kwanza sikuelewa kitu mtoto alikuwa analia. Nikaona nikuandikie tu, maana mi nikianza kuongea habari za gari nasahau nusu. Umesema gari yako inamisi, yani injini inarukaruka haichomi petroli vizuri, na fundi anataka ubadilishe koili, zile zinazopeleka moto kwenye plagi. Kwanza kabla sijaenda mbali, huyo fundi usimpe hela ya koili nne. Mi nilizinunua, zimo kwenye gari hadi leo na hazikutibu chochote.

Si unakumbuka Hilux yangu ilivyoanza kumisi? Hii ya petroli, injini ya 2TR, ya 2007. Siku ya kwanza nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, naanza kupanda Kitonga, sijamaliza hata kona ya tatu gari ikaanza kutikisika, nguvu hakuna, taa ya cheki injini inawaka inazima inawaka inazima, nyuma yangu semi linanipigia honi, na we unaijua Kitonga hakuna pa kujibanza. Nikajua leo tunalala mlimani na vitunguu vya watu. Tumefika juu ikatulia yenyewe, hadi Iringa mjini inateleza kama imetoka kwa Mjapani jana. Sa ugonjwa wa hivyo ndo mbaya, ukiipeleka gereji gari nzima, inaunguruma vizuri, fundi anakuangalia kama umekuja kumpotezea muda.

Fundi wa kwanza akasema plagi, tukabadilisha zote nne, siku tatu safi, ya nne ikarudi. Wa pili akasema koili, hapo ikatoka laki mbili na ushee, wiki nzima safi nikawa namsifia mtaani, ikarudi. Akaanza kuniambia pampu ya mafuta imechoka. Hapo nikakataa, sio kwamba nilikuwa najua, hela ilikuwa imeisha.

Nikafanya kitu cha kijinga kikanisaidia kuliko mafundi wote. Nilinunua daftari la mia tano nikampa utingo, nikamwambia kila ikimisi andika saa ngapi, tuko wapi, tumetembea muda gani, kuna mzigo au hakuna, barabara ikoje. Dogo akaniona nimechanganyikiwa lakini akaandika, na mwandiko wake mbaya ule. Baada ya siku kama kumi na mbili tukakaa tukasoma. Haijawahi kumisi nusu saa ya kwanza hata siku moja. Mzigo hauhusiani, mara tano ilimisi tupu. Mvua haihusiani. Ila karibu zote injini imeshachemka vizuri na tuko kwenye rafu, matuta, au barabara ya vumbi ya kuingia shambani. Na Kitonga ile siku ya kwanza kumbe kabla ya kupanda nilikuwa nimetoka kupakia huko ndani kwenye makorongo. Yani gari ilikuwa inasema muda wote, sisi tunanunua vipuri.

Alafu nikaazima kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani kanakosoma kwenye simu. Kakatoa P0303, maana yake silinda namba tatu ndo haichomi. P0353 haikuwepo, na hapa nisikilize vizuri. Koili za hizi gari zina waya nne, mmoja wapo kazi yake ni kurudisha jibu kwenye kompyuta kwamba nimewasha. Jibu lisiporudi kompyuta inaandika P0351 mpaka P0354 kutegemea ni silinda gani. Kwangu haikuandika, kwa hiyo koili ya tatu umeme ilikuwa inapata na amri inapokea. Hiyo peke yake haimaanishi koili nzima maana inaweza ikawa inavujisha moto kule chini kwenye mpira wake, ndo maana unaihamishia silinda nyingine uone kama ugonjwa unaifuata. Nikaitoa koili ya tatu nikaiweka ya kwanza, plagi ya tatu nikaipeleka ya pili, nikafuta ile namba ya kosa kwenye kompyuta, nikaingia barabarani. Ingerudi P0301 ni koili, P0302 ni plagi. Ikarudi P0303 ile ile. Bure kabisa kaka, nimetumia spana namba kumi na ya plagi, na hilo ndo jambo ambalo yule wa koili angefanya kabla ya kunikamua laki mbili.

Kompresheni, yani mgandamizo ndani ya silinda, tukapima, nne zote zinakaribiana, na hata hivyo vali iliyoungua haiponi ukifika lami. Ikabaki nozeli, ile inayopulizia injini petroli. Nikaipima kwa mita, namba tatu ikasoma kama omu 12, sawa na wenzake. Sa nozeli nzima, plagi nzima, koili nzima, nini?

Jumamosi moja nikaiwasha nyumbani nikaiacha ichemke dakika arobaini, boneti juu. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli, mpini sikioni. Unasikia tik tik tik tik, kila moja hivyo hivyo. Nikamwambia dogo atikise waya moja moja taratibu. Kafika ya tatu, tik tik ikakata, injini ikaanza kutetemeka. Kaachia, ikarudi. Nikasema tikisa tena. Ikakata. Kaka nilifurahi kama nimeokota hela.

Soketi ya ile nozeli klipu yake ilikuwa imevunjika, mtu kaifunga na kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukiangalia kwa mbali imekaa vizuri. Nimeichomoa, ndani kitundu kimoja kimepanuka, pini inaingia inacheza, na kuna rangi ya kijani imeanza kuota. Ikipoa inagusa, ikipata moto na kutikiswa inaachia. Nikabana kile kitundu kwa sindano ya kushonea, tukatoka hadi kwenye rafu na kurudi, haijamisi. Baadae nikanunua soketi iliyotumika na waya zake, elfu kumi na tano, tukaunga kwa lehemu, nikaacha waya ulegee kidogo usivutwe. Miezi minne sasa.

Na unajua nani alivunja ile klipu? Wiki tatu kabla ya Kitonga ni mimi niliyeng'ang'ania nozeli zikasafishwe, gari haina tatizo lolote, nimesikia tu watu wanasema ni vizuri. Wakachomoa kwa kuvuta waya.

Sa turudi kwako. Umesema yako inamisi asubuhi, na siku ukitoka kuosha gari ndo balaa, ikichemka inaacha. Hiyo ni kinyume na yangu, usiende kutikisa waya za nozeli kwa sababu mi ndo niliipata huko. Yako inanukia maji au unyevu kwenye mashimo ya plagi. Kwanza ambia wale vijana wasipige presha kwenye injini. Pili toa koili moja moja uangalie mpira wake kama umepasuka au umelegea kwa oili, maana kava ya juu mipira yake ikichoka oili inajaa humo. Tatu angalia ile kauri nyeupe ya plagi, ukikuta kamstari keusi kembamba kama kamechorwa kwa penseli kutoka juu kwenda chini, moto unapita hapo nje badala ya kwenda kuchoma. Hapo plagi na mpira unabadilisha pamoja, ukibadilisha kimoja kile cha zamani kinaharibu kipya.

Na ile taa ikianza kuwaka na kuzima usijifanye dereva, toa mguu, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye katalisti, kile cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na ile bei yake unaijua.

Nipigie picha za plagi zote nne, ziweke kwa mpangilio kuanzia ya mbele, na usizifute kwanza. Mama msalimie sana, mwambie gunia lake la vitunguu linakuja na basi la Jumatano.

Ndugu yako wa Iringa