Jumamosi: wito na ada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi saa 10 jioni tunakutana Kirumba, Mwanza, palepale pa siku zote, tuzungumze wito na ada. Tangu mwenzetu aseme anaacha biashara ya dagaa soko la Mwaloni aende chuo cha Biblia, simu yangu haijapoa. Mimi simzuii. Ila ada atalipa nani, na mkopo wa kikoba je? Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na kila sabato alikuwa sinagogini akihojiana na watu (Matendo 18:3-4). Someni pia Luka 14:28, mnara na gharama zake. Njooni na daftari la mapato na matumizi, hata kama linatia aibu. La kwangu linatia. Wa Ukerewe, angalieni ratiba ya kivuko mapema.