Barua ya Malalamiko: Namba ya Hitilafu Inafutwa, Fyuza Haitengenezwi

Kwa Meneja,
Idara ya Matengenezo

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YA FOTOKOPI KUJIFUNGA MARA NNE KWA HITILAFU ILE ILE YA FYUZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mashine iliyo chini ya mkataba wenu wa matengenezo imejifunga mara nne kwa namba moja ya hitilafu, ile inayosema fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha unga wa wino ili ushike kwenye karatasi, haikufikia joto ndani ya muda uliopangwa. Kila mara fundi wenu ameingia kwenye menyu ya fundi, akaifuta namba, akatoa kopi tano za majaribio, akatusainisha kadi ya kazi na kuondoka. Hakuna hata ziara moja ambayo fyuza ilitolewa mahali pake. Tumeambatanisha picha za skrini za siku zote nne na kopi tunazozitaja humu, mzikague wakati mnasoma.

Hitilafu ya fyuza haifanani na karatasi kukwama. Karatasi ikikwama unaivuta, unafunga mlango, kazi inaendelea. Fyuza ikilalamika, mashine inajifunga, na hata ukizima na kuwasha haifunguki mpaka fundi aifungue. Imeundwa hivyo makusudi. Ndani ya kile chumba kuna taa ya halojeni inayopasha rola joto la kati ya nyuzi 160 na 200 za Selsiasi, na karatasi zinapita hapo hapo. Anayeambia mashine lini izime taa ni themista, kihisi kidogo cha joto kilicholala juu ya rola. Kufuta namba bila kupima chochote ni kuirudishia taa umeme huku hakuna anayejua kama kihisi hicho kinasema kweli. Hilo ndilo lalamiko letu kubwa, na ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la kazi kuchelewa.

Katika ziara ya pili fundi aliandika kwamba umeme wetu ni mdogo. Tulipima kwenye soketi yenyewe: volti 231 mashine ikiwa imetulia, volti 226 taa ya fyuza inapowaka. Kibandiko cha nyuma ya mashine kinataka volti 220 hadi 240. Soketi ni ya mashine hiyo peke yake, wala haipiti kwenye ekstensheni. Umeme hauhusiki, na sentensi hiyo tunaomba ifutwe kwenye kumbukumbu zenu.

Ziara ya tatu ndiyo iliyotugharimu. Kopi zilikuwa na kivuli hafifu cha maandishi kinachojirudia chini ya maandishi yenyewe. Fundi alisema dramu, ile silinda inayohamishia picha kwenye karatasi, imekwisha, akaweka mpya, ankara ikaja. Kivuli kipo mpaka leo, pale pale.

Dramu isingebadilishwa kama rula ingetumika kwanza. Alama inayotokana na rola hujirudia kwa umbali ulio sawa na mzingo wa rola hiyo, yaani kipenyo mara 3.14. Dramu ya mashine hii ina kipenyo cha milimita 30, kwa hiyo kasoro yake ingejirudia kila milimita 94. Rola ya joto ya fyuza ina kipenyo cha milimita 40, na mzingo wake ni milimita 126 hivi. Chukueni kopi tuliyoiandika herufi A kwa penseli, wekeni rula kutoka neno la kwanza la kichwa hadi kivuli chake. Mtasoma 126. Vipimo vya kopi nyingine mbili ni hivyo hivyo.

Hatukuishia kwenye rula. Tulitoa kopi, na karatasi ilipokuwa imepita dramu lakini haijaingia kwenye fyuza tukafungua mlango wa mbele ili mashine isimame hapo hapo. Karatasi ikavutwa taratibu bila kuguswa upande wa picha. Tona, yaani wino wa mashine, ilikuwa bado unga: kidole kikipita, herufi zinafutika. Maandishi yalikuwa safi kabisa, hakuna kivuli popote. Karatasi iliyofuata, iliyopita hadi mwisho, ikatoka na kivuli kwenye milimita 126, imejikunja kingo, na weusi wake unang'aa kama umepakwa mafuta. Picha inaingia kwenye fyuza ikiwa nzima na inaharibikia humo. Jaribio hili linachukua dakika mbili na halihitaji kifaa chochote, na fundi aliyefuzu analijua.

Weusi unaong'aa na karatasi kujikunja ni dalili za joto kupita kiasi. Hapo ndipo mtu anaweza kuuliza: inakuwaje mashine iseme fyuza haijapata joto, na karatasi zionyeshe imeungua? Majibu yote mawili yanaweza kutoka kwenye themista moja iliyofunikwa na tona iliyoganda. Ganda hilo linazuia joto lisiifikie themista haraka. Mashine inaona joto linapanda polepole, inaiacha taa iwake muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na rola inachemka kupita kipimo. Tona inayeyuka mno, nyingine inabaki imeng'ang'ania rola, na rola ikizunguka mara moja inaiachia kwenye karatasi ile ile, milimita 126 chini yake. Asubuhi mashine ikiwa baridi, themista hiyo hiyo inachelewa kiasi kwamba muda uliopangwa unakwisha, na mashine inajifunga. Mara zote nne zimetokea asubuhi mashine inapowashwa. Hakuna hata moja iliyotokea katikati ya kazi.

Tunajua zipo sababu nyingine za namba hiyo: taa iliyokatika, themostati (swichi inayokata umeme wa taa joto likizidi) iliyokata, plagi ya fyuza iliyoungua meno, au bodi ya umeme yenyewe. Lakini taa iliyokatika au themostati iliyokata isingerudi kufanya kazi baada ya namba kufutwa, na yetu inarudi kila mara. Ndiyo maana tunaanza kwa kuishuku themista, kisha plagi.

Tunachotaka kifanyike ziara ijayo ni hiki. Mashine ichomolewe na fyuza iachwe ipoe angalau nusu saa, itolewe nje, iwekwe mezani. Themista ipimwe kwa mita ikiwa baridi, kisha ipashwe kidogo: ukinzani wake unatakiwa kushuka taratibu joto linapopanda, bila kurukaruka. Themostati ipitishe umeme, karibu omu sifuri. Taa ipitishe pia, na isishikwe kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi yakibaki juu ya kioo chake huifupishia maisha. Meno ya plagi yaangaliwe kama yamebadilika rangi. Tona iliyoganda iondolewe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi; mtu asiikwangue rola kwa wembe wala bisibisi, mkwaruzo mmoja utaonekana kwenye kila kopi. Themista ikiwa imechoka ibadilishwe, na ikiwa rola nayo imechubuka ibadilishwe fyuza nzima. Kaunta ya fyuza, inayohesabu karatasi zilizopita humo, irudishwe sifuri pale tu fyuza mpya inapowekwa.

Na kwa hali yoyote ile, themostati isiunganishwe kwa waya ili kazi iendelee. Tunaliandika hili waziwazi kwa sababu njia hiyo ya mkato ipo kwenye ufundi huu. Themista ikidanganya, themostati ndiyo kinga ya mwisho kabla ya moto.

Kuna mambo mawili madogo. Trei ya pili inakwamisha karatasi, na fundi alibadilisha rola moja tu, ile ya kuokota. Rola za kulisha na za kutenganisha zilizobaki zimekuwa laini na zinang'aa. Zinachakaa pamoja, zibadilishwe zote tatu. Pia mstari mweusi mwembamba ambao kadi ya kazi iliuita "dramu" ulikuwa unatokea karatasi ikipita kwenye kilishio cha juu tu, kile kinachovuta karatasi zenyewe, na si ikilazwa juu ya kioo kikubwa. Tulifuta kile kioo chembamba cha pembeni, ukaisha.

Kuhusu gharama: tunadai tusilipishwe dramu ya ziara ya tatu, na dramu ya zamani, ambayo fundi aliondoka nayo, irudishwe hapa. Dramu hiyo ilikuwa haina kosa.

Kuanzia sasa hatutasaini kadi ya kazi ambayo haina namba ya hitilafu kama ilivyosomeka, kaunta ilisoma ngapi wakati huo, kipimo kabla na baada ya matengenezo, na jina la kila kifaa kilichoguswa. Orodha ya hitilafu ichapishwe kutoka menyu ya fundi kabla namba haijafutwa, na nakala ibaki kwetu. Neno "imetengenezwa" peke yake halitatosha.

Mashine imezimwa na kuchomolewa baada ya ziara ya nne, na itabaki hivyo. Tunaomba fundi aje ndani ya siku saba za kazi, na aje na themista na mita.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Vifaa vya Ofisi

Viambatisho: picha 4 za skrini, kopi 3 zenye kivuli, karatasi 1 ya tona isiyoyeyushwa (imo kwenye bahasha ngumu, msiikunje), nakala za kadi 4 za kazi.